Tulivyoupandisha Mto Ruvu Mezani

Leo naanza na swali, na usinizuge. Ile siku uliyoangalia Titanic, picha ya mwaka 1997, ukalia mpaka upande wa kanga ya dada yako ukalowa, ulidhani jamaa walinunua meli nzima, wakaisheheni watu, wakaizamisha baharini ili wewe ulie? Thubutu! James Cameron alijengewa bwawa kubwa huko Rosarito, Mexico, ikasimamishwa humo meli ya bandia. Penginepo vilitumika vimeli vidogo na ufundi wa kompyuta. Machozi yalikuwa yako ya kweli, meli ilikuwa ya mafundi.

Haya, tuwaache hao wa juzi. Mnaokaa na wazee siku za Pasaka lazima mmeiona The Ten Commandments, Musa anaipasua Bahari ya Shamu kama mtu anayefungua pazia. Hiyo ni ya mwaka 1956. Mwongozaji wake, Cecil B. DeMille, alishaitoa picha ya jina hilohilo mwaka 1923, enzi za picha bubu. Unajua kuta za maji za ile ya kwanza zilikuwa nini? Jeli! Ndiyo, hiyohiyo ya kwenye visahani vya bethdei. Walikata bonge la jeli vipande viwili, wakasogeza kamera karibu, likawa linatikisika kama ukuta wa bahari. Wana wa Israeli wakapita katikati ya jeli, na watu walilipa kiingilio wakatoka wameridhika.

Nayasema haya kwa sababu na mimi sasa naweza kujiita mtengeneza maji. Usicheke. Nimetoka Gwata, ambako kwa siku 12 mimi na washikaji zangu tulikuwa tunautengeneza Mto Ruvu juu ya meza ya kulia chakula. Ukisema Gwata, swali la kwanza utakaloulizwa ni, "Ya Kibaha au ya Kisarawe?" Mimi niulize habari za mto, za mipaka waulize wenye ramani. Na wewe wa Sinza unayejifanya Ruvu haikuhusu, taratibu bwana. Mto huo unaanzia milima ya Uluguru, unakatiza Pwani, unaingia baharini upande wa Bagamoyo, na njiani mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini inayavuta maji yake kuyapeleka Dar es Salaam. Ndoo uliyoogea leo asubuhi kabla ya kukimbilia daladala, maji yake huenda yalitoka huko.

Sasa stori yenyewe iko hivi. Nina mshikaji wangu tuliyemaliza naye kidato cha nne. Wenzake walipokwenda kutafuta kazi za ulinzi, yeye alipata simu yenye kamera nzuri akatangaza kwamba ni dairekta. Amekusanya kikundi chake: stelingi ni dereva wa bodaboda, mpiga picha ni dairekta mwenyewe, mtu wa taa ni muuza chipsi, na mimi nimepewa kazi ya kuandika maneno ya waigizaji. Picha anayotaka kuitoa ni fupi, dakika 15 tu, na haihusu mapenzi wala majini. Au ngoja, majini yamo, lakini ni ya kwenye maji, siyo wale wanaotokea ukutani na kucheka.

Kisa chenyewe ni cha kweli. Kuna mama mmoja wa huku, mtu mzima mwenye wajukuu. Miaka mingi iliyopita mwanawe alitoka alfajiri na mtumbwi kwenda kutazama nyavu, asirudi. Kilichopatikana ni mtumbwi mtupu na ndala moja. Dairekta alikwenda kwake na kilo mbili za sukari kumwomba ruhusa. Mama alikaa kimya, kisha akakubali kwa sharti moja. "Mfanyeni," alisema, "lakini msimfanye kichekesho mwanangu." Kama unazijua picha zetu za Kibongo, ambazo hata msibani lazima atokee mlevi wa kuanguka kaburini, utaelewa kwa nini mama aliliweka sharti hilo mbele.

Tukaanza kazi. Nyumbani kwa mama, sawa. Sokoni, sawa. Ikafika sehemu ya mto, hapo ndipo kasheshe lilipoanza. Dairekta alikuwa na wazo lake: alfajiri tumpandishe stelingi kwenye mtumbwi, tumsukume hadi katikati, tupige picha, tumtoe. "Dakika 5 tu," akasema. Dakika 5! Mamba naye anataka ngapi? Halafu stelingi mwenyewe, namwambia msomaji wangu kwa siri, anaogelea kama tofali. Ila kwa vile ni stelingi, aliona haya kusema. Akabaki anachezea ufunguo wa pikipiki na kurudia, "Mimi niko fiti, kaka, mimi niko fiti." Sauti yake haikuwa fiti hata kidogo.

Nikasema mimi siandiki hata neno moja la sehemu hiyo. Dairekta akawaka. Bila maji hakuna picha, alisema, na watu wa mjini kazi yao kuogopa. Tulikaa jioni nzima bila kusemeshana, mpaka nikamkumbusha kisa ambacho mtu yeyote wa sinema anapaswa kukijua, maana kimetokea kwenye maji ya majirani zetu.

Mwaka 1951 John Huston, mwongozaji mkubwa wa Hollywood, aliwaleta Humphrey Bogart na Katharine Hepburn mpaka Uganda na Kongo kutengeneza The African Queen. Hadithi ilitoka kwenye kitabu cha C. S. Forester cha mwaka 1935, cha watu wawili wanaoshuka mto na boti bovu kwenda kuilipua meli ya Wajerumani ziwani. Meli iliyompa mwandishi wazo hilo unaijua, ni Graf von Goetzen ya Ziwa Tanganyika. Ilizinduliwa Kigoma mwaka 1915, Wajerumani wakaizamisha wenyewe mwaka 1916 isije ikaangukia mikononi mwa maadui, Waingereza wakaiopoa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Sasa sikia utamu wenyewe. Bogart na Hepburn walikuja kweli Afrika, wakaumwa na mbu wetu. Lakini zile sehemu wanazoonekana wamo ndani ya maji hazikupigwa Kongo wala Uganda. Zilipigwa studio huko Isleworth, Uingereza, ndani ya matangi, kwa sababu waliona kuwatia nyota wao kwenye mito ya huku ni hatari mno. Nikamwuliza dairekta: kama Hollywood, na mapesa yote yale, walikataa kumwingiza stelingi wao kwenye maji ya Afrika, wewe mwenye simu moja na chaja ya kuazima umepata wapi ubavu? Na Bogart alichukua Oscar kwa picha hiyohiyo. Hakuna aliyemdai irudishwe kwa sababu maji yalikuwa ya tangini.

Dairekta akacheka kwa shida. Akauliza, "Haya, tangi liko wapi?" Na kweli, tangi hatukuwa nalo. Tulikuwa na meza.

Aliyetuokoa ni binamu wa muuza chipsi, fundi wa faiba anayeziba mashua huko Dar. Alikuja Gwata kusalimia tu, akatukuta tumenuna. Akatoa mfukoni kishika ufunguo chake, ndani kina ua la mkwaju limegandishwa kwenye kitu kinachong'aa kama kioo. Hiyo ni rezini ya epoksi. Umewahi kuziona zile meza za kisasa, mbao mbili na katikati umepita kama mto wa kioo? Ni mambo hayohayo. Unachanganya rezini na hadina, vyote ni maji mazito, unamimina, na baada ya saa kadhaa inageuka kuwa gumu na bado unaona mpaka chini. "Kama wanatengeneza meza yenye mto," alisema fundi, "sisi tutengeneze mto wenye mtumbwi." Wataalamu wanaviita vitu hivyo dayorama: mahali pazima, na ardhi yake na miti yake, pamefanywa padogo juu ya ubao.

Utauliza, si mngechukua beseni, mkajaza maji, mkaweka kimtumbwi, mkamaliza? Hata mimi niliuliza. Ubaya wa maji, msomaji wangu, ni kwamba hayakubali kufanywa madogo. Mti utauchonga mdogo, nyumba pia, hata mtu. Lakini tone la maji ni lilelile, liwe la bahari au la kikombe. Weka kimtumbwi kwenye beseni, gusa kidogo, matone yataonekana makubwa kama maembe na viwimbi vitakimbia harakaharaka. Mtazamaji wa Manzese ataguna, "Hilo beseni hilo!" na picha imekufia hapo. Rezini haina tabu hiyo. Ikishaganda imeganda, na unaweza kuupa uso wake viwimbi vya ukubwa unaoutaka.

Ubovu wake ni mmoja: haitiririki. Hapo dairekta akaanza tena, maana alitaka mtumbwi uonekane unachukuliwa na maji. Hilo tukaliweka kiporo.

Kipimo chetu kilikuwa 1 kwa 25. Maana yake, mtumbwi wa mita 5 ukawa wa sentimita 20, na mti wa mita 10 ukawa wa sentimita 40. Ukishachagua kipimo usikiache hata kwa jani moja. Ukichanganya, mtazamaji hatajua kasoro iko wapi, ila jicho lake litagoma. Mtumbwi aliuchonga mzee mmoja anayechonga mipini ya majembe, kutoka kwenye kipande cha mwembe. Alitumia kisu na msasa, akauchoma kidogo kwa kijinga ili uonekane wa zamani. Tulipomlipa alisema katika maisha yake hajawahi kuuza mtumbwi kwa bei ndogo hivyo, wala kuumaliza haraka hivyo.

Kitako kilikuwa plaiwudi. Kingo za mto tulizichonga kwa lile povu jeupe gumu linalokuja na tivii mpya, tukalifunika kwa jipsamu, tukalipaka rangi ya udongo. Halafu ikaja raha yenyewe, maana duka letu lilikuwa kijiji. Mchanga tuliuchota ukingoni, tukauosha na kuuanika. Majani yalikuwa nyuzi za katani zilizotiwa rangi na kukatwakatwa. Matete tuliyapata kwenye ufagio wa chelewa. Mizizi midogo iliyokauka, ukiipindua, ni miti yenye matawi kabisa. Fedha ilikwenda kwenye rezini tu. Kila mtu alitoa chake, na mimi nilitia malipo ya makala zangu mbili, kwa hiyo msomaji ukiona nimekonda usitafute mchawi.

Sakafu ya mto tuliipaka rangi pia, na hii ni siri ya kazi. Kina hakitoki kwenye wingi wa rezini, kinatoka kwenye rangi ya chini. Pembeni unapaka rangi ya mchanga, ukielekea katikati unaitia giza polepole, mpaka panakuwa karibu peusi. Ukimimina sentimita moja na nusu juu yake, jicho linaapa kwamba hapo mtu hagusi chini.

Kabla ya kumimina, dairekta alimwita mama aje aone. Hapo nampa heshima yake, wengi wangemwita wakati wa kupiga makofi. Mama alikuja na mjukuu wake wa kike. Tukamwamkia, akaitikia, akauzunguka mto mara mbili bila neno. Dairekta akaanza kueleza kwamba ndala itakuwa chini ya maji, katikati, ionekane kwa uzuri kupitia rezini.

"Ndala haizami, baba," mama akasema polepole. "Ilinasa kwenye matete. Upande huu."

Akaonyesha kwa kidole. Kisha akauliza mtumbwi utakuwa wapi. Dairekta akamwambia kwamba utakuwa unakwenda na maji. Mama akatikisa kichwa. "Haukwenda popote. Alikuwa ametia nanga. Kamba ilishuka, jiwe lilikuwa chini. Tulipofika ulikuwa umesimama tu, kama anauangalia mtu."

Nakwambia, hata muuza chipsi, ambaye mdomo wake haupumziki, alinyamaza. Tulichokuwa tunagombania siku zote, maji yatiririke au yasitiririke, mama alikuwa na jibu lake tangu zamani. Nikamwuliza maji yalikuwa na rangi gani. Akasema masika yalikuwa yamekatika na tope limeanza kutulia, yalikuwa kama chai ya rangi iliyolala. Rezini yetu ilikuwa nyeupe pe kama maji ya chupa. Fundi akaguna, akaandika kwenye kiganja: chai ya rangi.

Sasa kwa wale watakaotaka kujaribu, shikeni kalamu. Mto wetu ulikuwa na urefu wa sentimita 50 na upana wa sentimita 40. Kwa kina cha sentimita moja na nusu zilihitajika lita 3. Usizimimine zote mara moja. Rezini inapoganda inatoa joto, na ikiwa nyingi mahali pamoja inaweza kuchemka, kupasuka, hata kutoa moshi kwenye kopo. Sisi tulimimina tabaka 5, kila moja milimita 3, yaani mililita 600. Rezini yetu ilitaka sehemu 2 kwa hadina sehemu 1, kwa hiyo 400 kwa 200. Yako inaweza kuwa na kipimo kingine, soma kopo. Wala usiseme utaongeza hadina ikauke haraka. Siyo pilipili hiyo, ukizidisha haigandi sawasawa, inabaki inanata.

Kwanza ziba kila kitu kwa vanishi, mbao na mchanga na jipsamu, la sivyo hewa iliyojificha humo itapanda na kuwa mapovu. Koroga polepole, dakika kadhaa, ukikwangua pembeni na chini ya kopo. Mapovu yakipanda juu, pitisha mwali wa moto harakaharaka kwa juu, yanapasuka yenyewe. Meza iwe sawa. Kile kifaa cha waashi kinaitwa pima maji, na siku hiyo kilipima maji kweli. Rangi ya chai tuliipata kwa unga mkavu wa rangi ya kahawia, ncha ya kisu tu, tabaka za chini nyingi kidogo, za juu kidogo zaidi. Rangi ya kuchanganywa na maji usiiguse, maji na rezini hayaelewani, itapata ukungu. Siku za mvua pia zina ukungu wake. Vaa glovu na ziba pua, fanyia kazi mahali penye upepo, na watoto wasogee mbali, maana rezini mbichi inaweza kukuwasha ngozi mpaka ujute. Masalio yaache yagande kwenye kopo. Usiyamwage mtaroni, na mtoni ndiyo kabisa, nimeshakwambia ndoo yako inatoka wapi.

Kamba ya nanga ilikuwa uzi wa kushonea viatu. Tuliigundisha kwenye kijiwe cha chini kabla ya tabaka la kwanza, tukaivuta juu kwa kijiti, tabaka baada ya tabaka, mpaka ikafika kwenye mtumbwi tulioulaza kabla ya lile la mwisho. Usiku tulifunika mto kwa chandarua. Pamoja na hayo, asubuhi ya tatu tulimkuta mbu mmoja amekufa juu ya maji. Mbu wa milimita 6, kwa kipimo chetu, ni wa sentimita 15. Hebu fikiria picha ya huzuni, mtumbwi mtupu, na pembeni yake mbu mwenye ukubwa wa shomoro. Fundi alimng'oa kwa sindano kama daktari wa macho.

Mwisho tulipiga viwimbi vidogo kuzunguka mtumbwi kwa gundi nyeupe ya mbao, tabaka jembamba kwa brashi. Ikikauka inakuwa kama kioo. Juu yake vanishi ya kung'aa. Ndala ilikatwa kutoka kwenye ndala ya kweli, ya bluu, ikawa na urefu wa sentimita 1. Ikanasa kwenye matete, upande ule.

Siku ya kupiga picha tuliitoa meza nje saa 12 kasoro alfajiri, ili nyuma ya miti yetu midogo ionekane mbingu ya kweli. Kamera tuliishusha sentimita 6 tu juu ya ardhi, maana hapo ndipo macho ya mtu aliyesimama ukingoni yangekuwa kwa kipimo chetu. Ukipiga kwa juu utaona meza, ukishuka unaona mto. Ikabaki ukungu. Muuza chipsi akaleta jiko lake, likatoa moshi wa kufukuza nyuki. Mjukuu wa mama akakimbia nyumbani, akarudi na chetezo chenye ubani. Alisema bibi ndiye aliyempa.

Moshi wa ubani unapanda haraka kuliko ukungu wa mto, na hapo hesabu za shule zikatusaidia. Wapiga picha za vitu vidogo huchukua kipimo chao wakatafuta kipeuo cha pili. Cha 25 ni 5. Sinema ya kawaida ni picha 24 kwa sekunde, na 24 mara 5 ni 120. Simu ya dairekta ina 120. Ukipiga kwa kasi hiyo kisha ukaonyesha kwa kasi ya kawaida, moshi unatembea taratibu, mzito, kama ukungu wa alfajiri unaolala mtoni. Mwalimu wangu wa hesabu, popote ulipo, shikamoo.

Stelingi naye tulimpiga picha akiwa ukingoni, nchi kavu, anafungua kamba na kutupa jicho nyuma nyumbani kwao. Baada ya hapo picha inarukia mtumbwi mtupu. Sikuandika neno hata moja la sehemu hiyo, na dairekta hakuniomba.

Jumapili tulimpelekea mama kompyuta ya mpakato barazani kwake. Aliangalia dakika zote 15 mikono iko mapajani. Ilipokwisha akasema, "Nirudishieni pale." Tukarudisha. Mtumbwi, kamba inashuka kwenye maji ya chai, ndala kwenye matete. Akaomba tena, na tena. Mara ya tatu akasema, "Ndivyo ulivyokuwa umesimama," akajifuta kwa pembe ya mtandio, akamtuma mjukuu wake atuletee uji.

Dairekta, kwa moyo mzuri, akamwambia ule mto wa mezani ni wake, tutauleta aweke sebuleni. Mama akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu.

"Ahsanteni wanangu. Mto mmoja unanitosha."

Kwa hiyo mto uko kwa dairekta, juu ya kabati, na watoto wa jirani wanapanga foleni kuchungulia kijiwe cha chini. Picha itaanza kuonyeshwa kwenye mabanda ya video ya huku, na ikifika mjini nitakujulisha ukumbi. Stelingi wetu yu hai na ana afya. Anapakia abiria kama kawaida, anawasimulia alivyoponea chupuchupu mtoni, na nauli ya juzi aliyonikopa bado hajarudisha. Tukijaaliwa, wiki ijayo.